Njia ya Zigi: baiskeli za changarawe na msitu wa Amani

Siku hizi kila tukikaa pamoja waendesha baiskeli wa Tanga, mazungumzo yanarudi pale pale. Tuichore rasmi njia ya changarawe itokayo Muheza, ipande bonde la Zigi hadi Amani, ipite kwenye mashamba ya chai ya Kwamkoro, kisha ramani yake tuiweke mtandaoni yeyote mwenye simu aifuate. Wapo wanaotaka jambo hilo lifanyike leo. Wapo wanaosema tusithubutu, msitu ule una makovu ya kutosha. Mimi njia hiyo nimeipanda mara nyingi na ninaipenda, na bado imenichukua muda kujua nasimama wapi.

Kwa asiyeijua baiskeli ya changarawe yenyewe: usukani wake umepinda kwa chini kama wa baiskeli za mashindano ya lami, lakini tairi zake ni pana, za milimita 40 hadi 50, na gia zake ni nyepesi za kupandia. Ni baiskeli ya barabara za vumbi na kokoto. Mchezo huu umekua haraka. Mashindano ya Emporia, Kansas, Marekani, ambayo leo yanaitwa Unbound, yalianza 2006. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliandaa ubingwa wake wa kwanza wa changarawe huko Veneto, Italia, mwaka 2022, na majirani zetu Kenya wana Migration Gravel Race ya Maasai Mara tangu 2021. Kwa hiyo anayesema wageni watakuja hasemi ndoto.

Na wakija, Amani itawashika. Kutoka Zigi, kwenye mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara inapinda na kupanda chini ya miti hadi Amani penyewe, kwenye mita 900 hivi. Nyumba ya stesheni ya reli ya zamani ya Wajerumani pale Zigi ndiyo leo inayopokea wageni wa hifadhi. Juu kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa 1902, na eneo lote ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997. Asubuhi ukungu unalala bondeni, unasikia maji kabla hujayaona, na joto la Muheza unalisahau kabisa.

Wanaoitaka njia wanaanza na fedha, na wana haki. Mwendesha baiskeli hapiti kijijini kwa kasi ya gari lenye vioo vilivyofungwa. Anafika na njaa, ananunua ndizi na chai, tairi ikipasuka anatafuta fundi, jua likimzamia anatafuta pa kulala. Lakini hapo ninakumbuka vipepeo. Wanavijiji wa Usambara Mashariki, milima hii ya Amani, walijifunza kufuga vipepeo na kuuza pupa zao, yaani vipepeo wakiwa bado kwenye vifuko, kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Kazi ilikuwa safi, ilihitaji msitu ubaki umesimama, na kina mama wengi walisomeshea watoto. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na soko likafungwa. Anayewaambia watu wa Amani kwamba baiskeli zitawatoa kwenye umaskini awaambie pia kwamba mgeni ni riziki ya msimu, na shamba la iliki lisiachwe kwa ajili yake.

Hoja yao ya pili haisemwi sana, ila kwangu ina uzito zaidi. Maji ya Jiji la Tanga yanatoka mto Zigi, kupitia bwawa la Mabayani. Wachimbaji haramu wa dhahabu waliwahi kuvamia vyanzo vya mto huo. Mtu wa mjini ambaye amepanda kwa miguu yake hadi mahali maji yake yanapotoka, akaona kijito kinavyopita kati ya mizizi, hatanyamaza akisikia kimechafuliwa. Nimeliona hilo kwa wenzangu ambao zamani waliujua Zigi kwenye bili ya maji tu.

Sasa upande wa pili. Amani hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na udongo wake ni mwekundu, laini ukilowa. Siku moja wakati wa masika nilisimama kwenye kijia cha mteremko nikaangalia alama ya tairi langu mwenyewe. Ilikuwa mfereji mwembamba, kina cha kidole kimoja. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na maji yaliyokuwa yametawanyika kwenye majani yakaukuta ule mfereji, yakaingia, yakaanza kukimbia yakiwa na rangi ya matofali. Hiyo ni tairi moja. Waendeshaji hamsini mwezi wa Aprili wangeliacha korongo pale.

Kisha kuna mbegu. Amani imekwisha kuumizwa na mimea iliyoletwa. Mti wa Maesopsis ulipandwa na watu, hondohondo wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu, ukaingia hadi ndani ya msitu wa asili. Kichaka cha Clidemia nacho kimejaa kwenye sehemu zilizofunguka, na mbegu zake ni ndogo mno, zinakaa kwenye tope la tairi bila mtu kujua. Kando ya vijito hivyo hivyo, kwenye miamba yenye kivuli, ndipo linapoota ua la Saintpaulia, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao 1892 na leo liko madirishani duniani kote. Mizizi yake imeshika jiwe juu juu tu. Mtu akishuka kwenye baiskeli akaweka mguu vibaya, limeng'oka.

Linaloniuma kuliko yote, hata hivyo, ni watu. Wakulima wa Derema, jirani na Amani, waliachishwa mashamba yao ya iliki ili ukanda wa msitu uunganishwe, wakalipwa fidia ya mazao. Sababu za uhifadhi zilikuwa za kweli. Lakini mtu aliyezuiwa kuingia kwenye ardhi aliyoipalilia, akimwona mgeni wa mjini anapita humo kwa starehe, atasema nini moyoni? Na changarawe ninayoisifu mimi ndiyo inayomrusharusha mama mjamzito juu ya pikipiki akipelekwa Hospitali Teule, Muheza. Wenyeji wakiomba lami, sisi waendesha baiskeli hatuna haki ya kuguna hata kidogo.

Mara moja niliteremka kwenye kona nikawakuta kina mama watatu na mizigo ya kuni kichwani. Breki zilishika, sikumgusa mtu, lakini mmoja alishtuka na kuni zikamwagika. Nikashuka, nikamwamkia mkubwa wao, nikaanza kuokota. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema kwa upole: "Pikipiki tunaisikia, mwanangu. Wewe umekuja kama nyoka." Tangu siku hiyo nina kengele kwenye usukani, na kila kona ya kuteremka naipiga kabla sijaifikia.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka tuifiche njia. Kuficha hakumlindi mtu. Simu zinarekodi kila safari, na njia isiyochorwa na wanaoijua itachorwa na mgeni aliyepita mara moja, na atachora kila kijia alichokiona. Ninachokitaka ni njia inayofuata barabara za magari peke yake: ya Zigi hadi Amani, na ya kwenda Kwamkoro katikati ya chai. Barabara hizo tayari zimekatwa, zina mitaro, na lori linapita. Vijia vya miguu tuwaachie wenye kuvitembea. Masika yote njia ifungwe. Tairi zioshwe kabla ya kupanda, mjini, siyo kwenye kijito. Ada ya Wakala wa Huduma za Misitu ilipwe bila kukwepa kwa kisingizio cha "mimi napita tu". Na kabla ya ramani kutoka, serikali za vijiji ziitwe zikae na sisi, zikiwa na uwezo wa kusema hapana kwa kipande chochote.

Rafiki yangu mmoja anaona nimebana mno, kwamba bila vijia njia itakuwa nusu utamu. Ni kweli, vijia ndivyo vitamu. Kuna kimoja kinachoteremka hadi kisimani, kimefunikwa na miti, hakuna mteremko ninaoupenda zaidi katika mkoa huu. Asubuhi watoto hupita hapo na ndoo kabla ya kwenda shule. Nimekifuta kwenye ramani yangu, na nikienda tena nitakiteremka kwa miguu.