Denver haikuhalalisha uyoga

Kuna mwandishi anayesema Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado, Marekani, ilihalalisha uyoga wa kulevya mwaka 2019. Sivyo. Kura ya wakazi wa Denver ya Mei mwaka huo iliwaagiza polisi tu wauweke mwisho kabisa katika makosa ya kufuatilia. Sheria ya jimbo zima la Colorado ilibadilika kwa kura ya Novemba 2022: mwenye miaka 21 au zaidi anaruhusiwa kuuotesha nyumbani, eneo lisizidi futi 12 kwa 12, na kumgawia mtu mzima mwenzake bure. Akiuuza, ni kosa. Katika jimbo jingine, Oregon, unaulia ndani ya kituo chenye leseni, mbele ya msimamizi, hutoki nao.

Sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, bado inaukataza kote. Ndugu zangu msio raia, nawasihi: kukiri tu kwa ofisa wa uhamiaji kwamba uliumiliki kunaweza kukuzuia kuingia tena Marekani, hata kama hukuwahi kushtakiwa.