Kuteleza kwenye wimbi la boti Tanga: kaskazi au tangambili?

Anayetaka kujaribu mchezo wa kuteleza kwa ubao kwenye wimbi la boti katika ghuba ya Tanga huambiwa aje kati ya Desemba na Februari, wakati wa upepo wa kaskazi, kwa kuwa ndipo penye likizo, jua na maji ya uvuguvugu. Ushauri huo una msingi, lakini naona umeazimwa kutoka nchi za baridi, ambako joto la ziwa ndilo linaloamua kama mtu ataingia majini au hataingia. Bahari yetu haipoi kiasi hicho: hata Agosti maji huwa karibu nyuzi 25, na Machi hufika 29 hivi. Kinachoamua hapa ni upepo.

Sababu imo katika mchezo wenyewe. Boti humvuta mchezaji kwa kamba mpaka asimame, kisha yeye huiachia kamba na kubaki akisukumwa na wimbi la nyuma ya chombo, kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Wimbi hilo hukuzwa kwa kuongeza uzito ndani ya boti, halihitaji msaada wa bahari, na viwimbi vya upepo vikilikata huvurugika kabla mchezaji hajapata mizani. Kwa hiyo kusi, upepo wa kusini unaopamba moto Juni na Julai, naiweka kando mapema. Masika nayo haifai, maana mito kama Zigi na Mkulumuzi huteremsha tope na magogo ambayo nahodha hawezi kuyaona.

Zinabaki kaskazi na tangambili, yaani kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba, na hapo ndipo penye mjadala wa kweli. Januari na Februari mvua ni haba, na alfajiri upepo wa umande unaovuma kutoka bara huyaacha maji yametulia. Hata hivyo, mlango wa ghuba kati ya kisiwa cha Ulenge na Ras Kazone unatazama mashariki, na kaskazi ikikaza mchana, mawimbi hupata njia ya kuingia. Katika tangambili, kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijashika, hivyo utulivu hudumu kwa saa nyingi zaidi. Kasoro yake ni vuli, ambayo huweza kuharibu siku nzima za Novemba. Mimi bado naichagua tangambili, hasa Oktoba, kwa sababu manyunyu ya vuli mtu huweza kuyasubiri yapite, lakini upepo wa kaskazi ukishaanza kuvuma mchana hausubiriki.

Mwezi pekee hautoshi, na jambo hili wageni hulisahau. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na asubuhi huwa yanatoka hadi karibu saa nne, wakati akina mama wanaposhuka miambani kutafuta pweza. Boti inayozalisha wimbi kubwa haina nafasi hapo, kwani kina kinapungua na watu wamo majini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji hayapandi wala kushuka sana, mambo hugeuka: asubuhi maji hujaa taratibu, na kina huongezeka kadiri mchezo unavyoendelea. (Boti yenye mashine ya kuning'inizwa nyuma haifai msimu wowote, kwa kuwa pangaboi lake liko wazi karibu na miguu ya mchezaji.)

Saa nayo ina wenyewe. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, maji yanapokuwa kama kioo, mitumbwi na ngalawa huwa zinarudi kwenye soko la samaki la Deep Sea na samaki wa usiku, nyingine zikiwa zimelemewa hadi ukingoni, na wimbi la kuchezea laweza kumtosa mvuvi pamoja na riziki yake. Kwa hiyo ningeanza saa mbili, vyombo vikishatia nanga, na ningemaliza saa nne, kabla upepo wa bahari haujaamka.