Kompyuta Yangu Imestaafishwa Ikiwa na Afya Njema

Nina duka la steshenari Tandika, Dar es Salaam, ambalo kwa miaka zaidi ya ishirini limesomesha watoto wanne kwa kutoa fotokopi, kuchapa barua za kuomba kazi, kulaminisha vyeti na kuandaa mitihani ya walimu, ambao siku zote huja na karatasi zao jioni ya kuamkia mtihani wenyewe. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani kwamba ninaogopa kompyuta. Nimeishi nazo, nimezipuliza vumbi kwa mdomo, nimezipiga vibao vya ubavuni zilipogoma, na nyingine nimezizika mwenyewe, yaani nimeziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kompyuta ikifa kwa ugonjwa unaojulikana, silalamiki. Kinachoniuma ni hii niliyoambiwa kwamba imefika mwisho wakati inawaka, inachapa, na feni yake inakoroma vilevile kama ilivyokoroma siku niliyoinunua.

Taarifa ilitolewa mapema, siwezi kusingizia. Kwa miezi mingi ujumbe ulijitokeza kwenye skrini, nami kila ulipojitokeza niliufunga kwa haraka ileile ninayofungia matangazo ya kubashiri mpira. Ulikuwa unasema kwamba Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015, ungeacha kupelekewa masasisho ya usalama baada ya tarehe 14 Oktoba 2025. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwaka huohuo wa 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisimama mbele ya wataalamu akasema kwamba Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Mimi niliyapokea maneno hayo kama mwanamume anavyoyapokea maneno ya mkewe kwamba huyu sasa ndiye kitindamimba. Mwaka 2021 akazaliwa Windows 11.

Nikamwita kijana wangu wa kompyuta, fundi mwenye adabu na mwenye bisibisi moja inayofanya kazi zote. "Shikamoo mzee," akasema, "leo kimekufa nini?" Nikamjibu kwamba hakuna kilichokufa, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Akaketi, akaendesha programu ya kupima kama kompyuta inakubalika kwenda Windows 11, na muda si mrefu likatoka jibu la kwanza: inatakiwa TPM, toleo la 2.0. Nikauliza hiyo ni nini. Akaeleza kwamba ni mahali maalumu pa kutunzia funguo za siri ndani ya mashine, ili mwizi akichomoa diski na kwenda nayo asiweze kusoma yaliyomo. Nikamweleza kwamba siri kubwa kuliko zote zilizomo humo ni mtihani wa Jiografia wa kidato cha pili na bajeti ya harusi moja iliyoahirishwa mara mbili. Hakucheka. Aliizima kompyuta, akaiwasha huku akibonyeza kitufe kimoja mfululizo kama mtu anayetwanga, akaingia kwenye ile skrini ya mipangilio ambayo mimi nimekatazwa hata kuitazama, akapekua, na kumbe uwezo huo ulikuwamo muda wote, ila umezimwa. Akauwasha. Kwa furaha nikaagiza soda mbili.

Soda hazijafika nusu, likatoka jibu la pili: prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, haikubaliki. Yangu ni Intel ya kizazi cha 6, na orodha rasmi ya Windows 11, ukiondoa vighairi vichache, inaanzia kizazi cha 8. Naomba tulitazame kidogo neno hili "kizazi". Katika ukoo wetu, kati ya kizazi cha 6 na cha 8 kuna babu na mjukuu, kuna mashamba yaliyouzwa, na kuna kesi ya mirathi ambayo haijaisha hadi leo. Huko kwenye prosesa, kizazi cha 6 kilitoka 2015 na cha 8 kikatoka 2017. Mtoto aliyezaliwa siku moja na prosesa yangu alikuwa bado anafungwa nepi wakati mwenzake anaitwa babu.

Fundi alinituliza kwamba kompyuta haizimiki tarehe ikifika. Itaendelea kuwaka, itaendelea kuchapa, isipokuwa tundu jipya la usalama likigunduliwa halitazibwa, labda nijiandikishe kwenye mpango wa nyongeza unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Akaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna askari nje, kwamba iko pia njia ya uchochoroni ya kuiweka Windows 11 kwa nguvu, lakini akiiweka asilaumiwe. Nilitaka kusema kwamba usalama haunihusu, ndipo nikazikumbuka flashi za wanafunzi wa chuo, ambazo huingia dukani kwangu zikiwa na virusi vinavyogeuza folda zote kuwa shotikati, na ambazo wenyewe huzichomeka kwenye kompyuta yangu kabla hata ya kunisalimu. Duka langu kwa kweli ni zahanati isiyo na glovu. Nikakubali kwamba inabidi kuhama.

Nikaenda Kariakoo nikanunua kompyuta mpakato iliyotumika, nzuri, nyembamba kama sinia, prosesa yake ikiwa ya kizazi kinachokubalika, Windows 11 tayari imo ndani. Haikuwa na kasoro yoyote isipokuwa moja: haikuwa na pa kuchomeka kitu chochote nilicho nacho. Pembeni ina matundu mawili madogo ya USB-C, basi. Kibodi yangu, ambayo herufi zake zimefutika lakini vidole vyangu vinajua kila moja inakoishi, ina plagi ya mviringo ya rangi ya zambarau, na kipanya kina ya kijani, za enzi zile ambazo kompyuta ilikuwa na tundu la kila rangi. Nikanunua kigeuzi cha kutoka mviringo kwenda USB, kisha kigeuzi cha kutoka USB kwenda USB-C, nikavipachika kimoja juu ya kingine mpaka mkia ukawa mrefu kuliko kipanya chenyewe. Kibodi ikakubali. Kipanya kikawaka taa, kikakaa kimya kama mgeni aliyekaribishwa chakula asichokitaka.

Hapa sina budi kumtambulisha mzee wa nyumba. Chini ya meza, amefunikwa kwa kanga kuukuu, yupo sipiyu wa Windows XP, mfumo ambao Microsoft waliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Hajaunganishwa na intaneti, kwa hiyo hajui kama amestaafu. Matundu yake ya USB yaliungua umeme uliporudi kwa hasira baada ya mgao, lakini bado ana kazi mbili: kuendesha programu ya hesabu za duka, na kuiamrisha printa ya pini. Msomaji kijana ataniuliza kwa nini bado ninatunza printa ya pini inayopiga kelele kama mashine ya kusaga. Jibu ni stakabadhi. Printa ya pini hugonga karatasi, kwa hiyo ukiweka karatasi tatu zenye kaboni katikati, unapata nakala tatu kwa mpigo mmoja. Printa ya leza haigongi kitu. Ukiipa kaboni utajuta wewe na fundi wako.

Nilitaka kumpumzisha mzee huyo na kuhamishia kila kitu kwenye mashine mpya. Nikaanza na printa, ambayo plagi yake ni pana kama kitana, ina pini 25 na skurubu mbili za kukaza kwa kucha za gumba. Nikanunua waya wa kugeuza kwenda USB, nikaunganisha, nikaagiza stakabadhi moja ya shilingi 3,000. Printa ikatoa mstari mmoja wa vimoyo, mishale na herufi zisizosomeka, ikasogeza ukurasa, ikatoa mstari mwingine, ikasogeza tena. Karatasi zake ni zile za mnyororo zenye matundu pembeni, hivyo kabla sijauchomoa umeme, stakabadhi ilikuwa imetoka mlangoni na inaelekea kwa muuza chipsi.

Skana nayo ilikuwa imekaa ujane tangu matundu ya USB ya mzee yaungue, na nilidhani sasa imepata mchumba. Waya uliingia bila ugomvi. Kisha nikafundishwa jambo ambalo nisingependa kulijua: kifaa hakizungumzi na kompyuta moja kwa moja, kinazungumza kupitia draiva, programu ndogo ya ukalimani kati yao, na draiva ya skana yangu iliandikwa kwa ajili ya mifumo ya biti 32, ile ya zamani inayoshika data kwa mafungu madogo. Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake, na mfumo wa biti 64 hauipokei draiva ya biti 32 hata kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Dawa ni watengenezaji waandike draiva mpya, nao hawakuandika, kwa sababu kwao skana hiyo ilishatoka sokoni zamani. Kioo chake hakina mkwaruzo hata mmoja. Kampuni sitaitaja, kwa sababu draiva zao zimeacha kupata masasisho lakini wanasheria wao bado wanayapata.

Programu ya hesabu ndiyo iliyonivunja moyo kabisa. Hiyo ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiwezi kuiendesha. Nilipoibonyeza, mashine mpya ilinijibu kwa ufupi kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Ndani yake mna madeni ya wateja tangu enzi za Mzee Mkapa. Wadeni wengine walifurahi waliposikia.

Fundi alipoona nimeshika tama, akajaribu kunifariji kwa mfano wa Apple, watengenezaji wa kompyuta za Macintosh. "Wenzetu wa Macintosh wamehamishwa mara tatu, mzee," akasema, akihesabu kwa bisibisi: walianza 1984 na chipu za Motorola, mwaka 1994 wakahamia PowerPC, mwaka 2006 wakahamia Intel, na mwaka 2020 wakaanza kutumia chipu zao wenyewe. Nikamuuliza watu wenye programu za zamani waliishije. Akanieleza kwamba kila walipohama waliwekewa programu ya kutafsiri, ili programu ya zamani ifanye kazi kwenye chipu mpya bila kujua kwamba imehamishwa. Ile ya mwaka 2006 iliitwa Rosetta.

Nikamwambia kwamba hicho sisi tunakijua, hicho ni king'amuzi. Tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa hapa Dar es Salaam, TV yangu ya chogo haikutupwa. Ilipewa king'amuzi juu ya kichwa, ikaendelea kuonyesha taarifa ya habari kama vile hakuna kilichotokea. Tuligombana kuhusu bei na vifurushi, hilo ni kweli, na baba mkwe wangu aliamini mpaka mwisho kwamba kisanduku kile kinasikiliza mazungumzo yetu, lakini chogo lilifanya kazi. Fundi akasema mfano ni mzuri, ila Rosetta ile iliondolewa mwaka 2011, Mac zilipopata toleo la 10.7. Miaka mitano tu! Huyo ni mkalimani wa mahakamani anayekung'uta koti na kuondoka shahidi akiwa kizimbani.

Akapendekeza basi anitengenezee kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta mpya, ambayo ndani yake tuweke mfumo wa zamani, na ndani ya mfumo huo tuweke programu ya hesabu. Nikakataa. Iliyo nje tu inanishinda, nitaiwezaje ile yenye mimba.

Kwa hiyo sasa mezani kuna mashine tatu. Mpakato hupokea barua pepe na flashi za wanafunzi. Ile ya Windows 10 nimeikata intaneti, inatoa fotokopi na kuandaa mitihani. Mzee wa chini ya meza anatunza madeni na kugonga stakabadhi. Kwa kuwa mzee hasomi flashi wala hana mtandao, mauzo yanayoingia kwenye mpakato huhamia kwake kwa kalamu na daftari: nayasoma kwenye skrini moja, nayaandika, nainama, nayachapa kwenye skrini nyingine. Mama Rehema alinikuta katika hali hiyo juzi, mgongo umepinda, daftari mdomoni, akauliza kwa upole, "Baba Rehema, na ile mpya tulinunua ya nini?" Nikamjibu kwamba tuliinunua kwa ajili ya usalama.

Jana jioni akaja mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa, mtu mzima kunizidi, akatoa mfukoni bahasha, na ndani ya bahasha mkawa na disketi yenye lebo ya mkono: KATIBA 2003. Nakala ya karatasi ililiwa na mchwa. Nikaiweka kwa mzee wa chini ya meza, akakwaruza kidogo kama mtu anayesafisha koo, na katiba ikafunguka yote, kuanzia ada ya kiingilio mpaka kifungu cha sanda. Mwenyekiti akafurahi sana, kisha akaomba nimtumie kwenye simu.

Hakuna tundu, hakuna mtandao, hakuna njia ya kuitoa humo. Nikatoa simu yangu ili nipige picha skrini, ukurasa mmoja baada ya mwingine, nimtumie kwa ujumbe. Picha zilitoka vizuri. Nilipofungua programu ya ujumbe, ikaniarifu kwamba simu yangu ni ya toleo la zamani na kwamba haitafanya kazi humo tena.

Nikavuta karatasi za kaboni. Printa ikapiga kelele kwa dakika kumi na mbili, majirani wakachungulia, nakala tatu zikatoka. Mwenyekiti akachukua mbili za juu. Ya tatu, ile hafifu ya chini, aliniachia niitunze dukani, endapo disketi itaharibika.