Roma: Sifa Zilizotamkwa Siku ya Kutangaza Vita

Wageni wengi wa Roma huishia Colosseum na Vatikani. Mimi ningewaomba wafike pia EUR, mtaa ulio kusini mwa jiji, wasimame mbele ya Palazzo della Civiltà Italiana, lile jengo jeupe lenye matao matupu safu juu ya safu. Tangu 2015 ni makao makuu ya Fendi, kampuni ya mitindo, na watu hupenda kupigia picha pale. Juu kabisa, pande zote nne, pamechongwa maneno yanayowasifu Waitaliano kuwa taifa la washairi, wasanii, mashujaa, watakatifu, wanafikra, wanasayansi, mabaharia na wahamaji.

Ni maneno matamu. Lakini Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, aliyatamka tarehe 2 Oktoba 1935, katika hotuba ya kutangaza vita dhidi ya Ethiopia. Kesho yake majeshi yake yalivuka mpaka. Ndege zikawamwagia watu gesi ya sumu, jambo ambalo Wizara ya Ulinzi ya Italia ilikuja kulikiri mwaka 1996. Ukutani hakuna tarehe wala jina la msemaji. Zimebaki sifa tupu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kule Foro Italico, eneo la viwanja vya michezo jijini Roma, mashabiki wa tenisi na soka hupita chini ya mnara wa marumaru wa mwaka 1932 ulioandikwa MUSSOLINI DUX, yaani Mussolini Kiongozi. Huo angalau haumfichi mwenyewe.

Sisemi vibomolewe. Ukibomoa, umemsaidia anayetaka tusahau. Ila ushahidi usio na maelezo hugeuka pambo.

Afrika ilishawahi kulijibu jiji hili. Mwaka 1937 mafashisti waliuchukua mnara wa kale wa Aksum kutoka Ethiopia, wakausimamisha Roma mbele ya wizara yao ya makoloni. Mkataba wa amani wa 1947 uliwataka warudishe walichopora. Mnara ukarudi 2005, ukasimamishwa tena kwao 2008. Katikati ya ngoja ngoja hiyo, usiku mmoja wa Septemba 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki miguu mitupu, akaupita mnara wa mababu zake, akachukua dhahabu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Pale EUR kiwekwe kibao chenye tarehe ile, 2 Oktoba 1935, kwa Kitaliano na kwa Kiamhari, mahali ambapo mpiga picha hawezi kukikwepa.