Utando wa Seli Si Chujio

Mfano wa chujio uondolewe madarasani. Mwanafunzi anaambiwa utando wa seli una vitundu: vidogo hupita, vikubwa hukwama, basi. Anakariri osmosisi (maji kupita kwenye utando), anafaulu mtihani, na hajui seli inabakije hai.

Tutazame ukubwa wenyewe. Homoni ya steroidi ni kubwa kuliko ioni (atomi yenye chaji ya umeme) ya sodiamu kwa mbali, lakini hupenya bila msaada wowote, maana utando ni wa mafuta na homoni hiyo huyeyuka katika mafuta. Sodiamu ina chaji ya umeme na imezingirwa na maji, hivyo mafuta hayo yanaikataa. Chujio gani hilo linalopitisha vikubwa na kuzuia vidogo?

Kinachonistaajabisha zaidi ni mlango wa potasiamu, protini iliyo ndani ya utando. Ioni ya potasiamu ni kubwa kuliko ya sodiamu, na bado protini hii hupitisha potasiamu kwa kasi huku sodiamu ikiachwa nje. Roderick MacKinnon na wenzake walionyesha umbo lake mwaka 1998, na hapo sababu ikaonekana. Ili ioni ipite, sharti ivue maji yaliyoizunguka, na kuyavua kunahitaji nishati. Ndani ya mlango, atomi za oksijeni zimepangwa kwa kipimo cha potasiamu hasa, zikaifidia yale maji iliyoyavua. Sodiamu ni ndogo mno, haizifikii vizuri, kwa hiyo haipati fidia hiyo. Yaani inazuiwa na udogo wake!

Halafu kuna pampu ya utando aliyoieleza Jens Skou mwaka 1957 (naipitia haraka, japo neva zetu zinaitegemea): hutoa ioni 3 za sodiamu, huingiza 2 za potasiamu, kwa gharama ya molekuli moja ya ATP, ibebayo nishati ya seli. Bila pampu hiyo, difyusheni (chembe kusambaa kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache) ikiachiwa peke yake itasawazisha ndani na nje, na seli iliyokwisha kusawazishwa hivyo imekufa.

Anayedhani haya ni ya maabara tu aulize kwa nini mgonjwa wa kipindupindu hunyweshwa maji yenye chumvi pamoja na sukari. Sukari ile si ya ladha. Katika utumbo mwembamba kuna protini inayoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, wazo alilolitoa Robert Crane mwaka 1960, na maji hufuata nyuma. Sumu ya kipindupindu huyafanya maji na chumvi yamwagike utumboni, ila njia hii haiifungi. Maji ya chumvi matupu, bila sukari, hayafyonzwi vya kutosha kumwokoa mgonjwa.