Nani Ana Ruhusa ya Kusema "Bado"?

Juzi nililetewa kazi na ofisi moja hapa Lamu. Jina lao silitaji, maana bado nawadai. Walitaka bango la ukutani la maadili yao, na katikati, kwa herufi kubwa kuliko zote: TUNATHAMINI UFUNDI. Nikauliza linatakiwa lini. Leo, kabla ya alasiri. "Dada, chukua templeti yoyote ya Canva ubadilishe maneno tu, usijiumize kichwa." Canva ni ile programu ya kudizaini yenye mabango yaliyokwisha pangwa.

Nikalifanya, kwa sababu kodi hailipwi kwa hasira. Lakini limenikaa kooni, na leo mtanisikiliza.

Maneno yale najua yametoka wapi. Kuna kijana pale ofisini, mtazamaji mkubwa wa zile video za makampuni yanayotengeneza programu za kudizaini. Mkurugenzi ameketi kochini na fulana yake nyeusi, nyuma yake ukuta wa matofali, anasimulia kwa sauti ya upole kwamba ufundi ndio roho ya kampuni. Walipokuwa watano chumbani hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa hivyo. Wakifika mia kadhaa, huletwa mtu wa kuandika maadili, na baada yake mtu wa kuyachapisha kwenye vikombe.

Mimi nasema hivi. Ukitaka kujua kama kampuni ina ufundi, achana na vikombe. Mtafute mle ndani mtu anayeweza kuzuia kazi isitoke, akasema "bado", na kesho yake akaingia kazini kama kawaida. Akikosekana huyo, hayo mengine ni mapambo.

Nina ami yangu mchongaji wa milango. Siku moja nilikuwa karakanani kwake alipokuja bwana mmoja wa hoteli ya Shela, kijiji jirani, kuchukua mlango wake. Mashua inangoja, wapagazi wameshafika, wageni wa hoteli wako njiani. Ami akapitisha kidole gumba kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, juu mpaka chini, akasema kwa Kiamu chetu: "Bado. Ndoo kesho," yaani njoo kesho. Yule bwana akapandisha sauti, akataja pesa, akataja na watu wakubwa anaowajua. Ami akashika patasi yake akaendelea.

Alipoondoka nikamuuliza kulikoni. Akanionyesha waridi moja la kuchongwa ambalo, kwa maneno yake, halikuingia ndani sawa na wenziwe. Nikatazama weee, sikuona kitu. "Utaona asubuhi, mwanangu," akaniambia, "yua likipija kwa ubavu," yaani jua likipiga kwa upande.

Msidhani nawapigia hadithi ya wazee wenye hekima. Ami alilipia. Mlango wa pili wa hoteli ile ulichongwa na mtu mwingine, na nasikia ulitoka siku ile ile ulioahidiwa. Ila aliweza kusema "bado" kwa sababu patasi ni zake, karakana ni yake, na hakuna mtu juu yake aliyekwisha kutangaza tarehe jukwaani. Hiyo ndiyo tofauti, wala haihusiani na kwamba yeye anachonga mbao na wale wanaandika programu.

Chukueni Figma, kampuni ya programu ya kudizaini inayotumika ndani ya kivinjari, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa zaidi kwa jambo hili. Dylan Field na Evan Wallace waliianza mwaka 2012 wakitokea Chuo Kikuu cha Brown, na haikufunguliwa kwa watu wote mpaka 2016. Miaka minne ya "bado"! Wallace alikuwa akijenga injini ya kuchorea ndani ya kivinjari, jambo ambalo wakati ule wengi waliliona la mchezo, kwa sababu programu nzito za kuchora zilikuwa lazima uziweke kwenye kompyuta yako. Matokeo yake mimi naweza kufungua kazi ya mteja wa Nairobi hapa mtaani Langoni, kwenye laptopu isiyo na jina, bando likiwepo. Sketch, programu nyingine ya kudizaini iliyokuwa ikitamba kabla yao, ilikuwa ya kompyuta za Mac za Apple peke yake, na Mac huku kwetu utaikuta kwa mtalii. Hilo nawapa, japo kwa shingo upande.

Halafu kampuni ikakua. Juni 2024, kwenye mkutano wao mkubwa wa Config, wakatoa kifaa cha akili mnemba: andika unachotaka, kinakuchorea. Siku chache baadaye dizaina mmoja akakiomba programu ya hali ya hewa, kikamletea kitu kinachofanana mno na ile ya Apple. Akarudia, mambo yale yale. Figma wakakizima. Field mwenyewe akajitokeza hadharani akasema kosa ni lake: hakushikilia ukaguzi wa kutosha, na aliisukuma timu iiwahi tarehe ya mkutano. Baadaye kampuni ikaeleza kwamba wiki ile ya mwisho kabla ya Config kulikuwa na vipande na mifano mipya iliyoingizwa bila kuchunguzwa vya kutosha.

Someni tena. Wiki ya mwisho. Tarehe ya mkutano. Kampuni iliyokaa miaka minne bila kufungua mlango, sasa inashindwa kungoja kwa sababu ukumbi umeshakodiwa!

Sidai kwamba kuna mtu mle ndani aliliona tatizo akanyamaza. Swali langu ni jingine: kama angeliona, angemwendea nani? Mwenye nguvu ya kusema "bado" ndiye huyo huyo aliyekuwa akisukuma. Nampa Field heshima yake kwa kukiri, maana wakubwa wengi wangemtupia lawama kijana wa mwaka wa kwanza. Lakini kukiri baada ya kutoa si ukaguzi. Ami hakuwahi kumfuata mtu Shela kumwomba radhi kwa waridi.

Mwaka huo huo walibadilisha sura ya programu yao, vibao vya pembeni vikawa vinaelea, watu wakalalamika, vikarudishwa kushikamana na ukingo. Wapenzi wao wataniambia, si unaona, wanasikiliza? Naona. Ila hapo wa kusema "bado" tulikuwa sisi watumiaji, bila mshahara, kazi ikiwa imeshatufikia mezani.

Na sasa ndiyo itakuwa ngumu zaidi. Septemba 2022 Adobe, wenye Photoshop, walitangaza kuinunua Figma kwa takribani dola bilioni 20. Wasimamizi wa ushindani wa Umoja wa Ulaya na Uingereza wakatia mguu, na Desemba 2023 biashara ikavunjika, Adobe wakalipa dola bilioni 1 kwa kuivunja. Julai 2025 Figma wakaingia soko la hisa la New York. Hisa ilipangiwa dola 33, na siku ile ya kwanza ikafunga kwenye dola 115.50. Mashallah. Lakini kuanzia hapo, kila baada ya miezi mitatu, wana hesabu ya kuwapa watu ambao wengi wao hawajachora hata mstatili maishani mwao. Dizaina atakayenyanyua mkono kwenye kikao aseme kazi hii bado haijaiva, hazuii tena mashua moja ya Shela. Nani atamwachia?

Mtaniambia pesa na ufundi havikai nyumba moja. Uongo. Muhamadi Kijuma wa hapa hapa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchongaji, mshairi na mwandikaji hati wa kutajika, na alinakili tenzi kwa malipo kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Alikula kwa mkono ule ule. Tatizo si kulipwa, ni nani anashika saa.

Kuhusu bei za kila mwezi za programu hizi, nimeshalia vya kutosha siku nyingine. Canva siwasemi sana, kwa sababu nawajua wasichana wanaojilipia ada kwa kadi za harusi walizotengeneza kwenye simu. Ningeomba tu mtu kule Sydney, makao yao, aelewe kwamba bango la Maulidi ya Lamu halihitaji ngamia. Tuna punda. Tuna majahazi.

Lipo jingine linalonichoma. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishitaki Adobe kwa madai kwamba ilificha ada ya kujitoa mapema kwenye usajili wa programu zake na kufanya kujiondoa kuwe tabu. Kesi ni kesi, na Adobe walikana. Lakini ukurasa wa kujiondoa nao huchorwa na mtu. Kuna dizaina huchagua kitufe kikae wapi, maandishi yawe madogo kiasi gani, uulizwe mara ngapi. Ufundi wa kampuni ningeupimia hapo, kwenye ukurasa ambao hakuna anayeupeleka kwenye mashindano, kuliko kwenye ule wa mbele unaong'aa.

Mtoto wa kaka yangu anamaliza chuo mwaka huu, na anataka kuomba kazi ya kufanyia nyumbani kwenye kampuni moja ya programu za namna hii. Amenionyesha ukurasa wao wa ajira: makochi, mbwa ofisini, chakula bure, na ufundi, ufundi, ufundi. Nikamwambia, siku ya mahojiano waulize mambo mawili. Mara ya mwisho mlipoahirisha kutoa kitu kwa sababu hakikuwa kizuri ilikuwa lini? Na aliyekizuia, yuko wapi sasa?

"Shangazi, nikiuliza hivyo si hawanichukui?"

Huenda. Basi aulize la kwanza, la pili alihifadhi mpaka atakapokuwa na mkataba mkononi.