Terrell Owens na hesabu ya msimu wa pili

Februari 6, 2005, mjini Jacksonville, Terrell Owens alicheza Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, akiwa na bamba la chuma na skrubu mguuni. Wiki saba tu zilikuwa zimepita tangu avunjike katika mechi dhidi ya Dallas, na daktari aliyempasua alikataa kumpa ruhusa. Akacheza hivyo hivyo. Alidaka mipira 9 na kuvuna yadi 122. Timu yake, Philadelphia Eagles, ilifungwa 24-21 na New England Patriots, lakini usiku ule hakuna aliyethubutu kusema Owens ndiye aliyewaangusha.

Miezi tisa baadaye, klabu ile ile ilimwambia akae nyumbani na asirudi tena.

Ukitaka kubishana kuhusu staa mtata, kama anaifaa timu au anaivuruga, sijui mfano mzuri kuliko huu, maana pande zote mbili zina ushahidi mkononi. Na ushahidi wenyewe ukiutazama kwa makini hauendi kule unakotegemea.

Kwanza neno moja kwa msomaji aliyezoea kabumbu letu. Mshambuliaji wa soka akinyimwa mpira anaweza kurudi nyuma kuutafuta, akaupora, akakimbia nao. Katika futiboli ya Marekani mpokeaji hana njia hiyo. Anakimbia njia aliyopangiwa, anageuka, anatazama. Mpira uko kwa mtu mmoja, mrushaji wanayemwita kwotabeki, na huyo asipomtazama, basi amekimbia bure. Kazi yake yote inapitia mkono wa mwenzake. Tafadhali liweke hilo akilini, tutalirudia.

Sasa faida. Kabla ya Owens kufika, Eagles walikuwa wamefungwa mara tatu mfululizo katika fainali ya kanda yao, mlango wa mwisho kabla ya Super Bowl: 29-24 na St. Louis, 27-10 na Tampa Bay, kisha 14-3 na Carolina. Pointi tatu, nyumbani kwao, mbele ya mashabiki wao. Mrushaji wao Donovan McNabb alimaliza msimu wa 2003 akiwa na pasi 16 za tachidauni, yaani zilizofikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani na kuleta pointi, na 11 zilizonaswa na wapinzani. Msimu wa 2004 akaletwa Owens. Kocha ni yule yule, Andy Reid, na McNabb ni yule yule, ila sasa tachidauni ni 31 na zilizonaswa ni 8. Owens mwenyewe alidaka 14 kati ya hizo katika mechi 14 alizocheza, na siku aliyovunjika timu ilikuwa imeshinda mechi 13 na kupoteza moja.

Tena hapo hatujahesabu kazi isiyoandikwa kwenye karatasi ya takwimu. Owens alikuwa na futi 6 na inchi 3 na uzito uliopita kilo 100, na alikimbia kama mtu mwepesi. Beki mmoja hamuwezi. Kocha wa upande wa pili analazimika kumwekea mlinzi wa ziada nyuma yake, na huyo wa ziada lazima atolewe mahali fulani. Pale alipotolewa ndipo mwenzake Owens anapopata nafasi ya kupumua. Watu wanaosema "alidaka mpira mmoja tu leo, hana faida" wanasahau walinzi wawili waliokuwa wakizunguka naye mchana kutwa.

Kuhusu vituko vyake uwanjani, mimi huwa sipotezi muda. Mwaka 2000, akiwa San Francisco 49ers, alifunga Dallas akakimbilia katikati ya uwanja kusimama juu ya ile nyota, nembo ya Cowboys, akarudia tena alipofunga mara ya pili mpaka mlinzi mmoja wa Dallas akaja kumgonga. Kocha wake mwenyewe akamfungia wiki moja. Oktoba 2002, kule Seattle, alichomoa kalamu ya wino mzito kutoka sokisini, akausaini mpira aliofungia na kumpa mshauri wake wa fedha aliyekuwa jukwaani. Magazeti yalilia kana kwamba ameiba. Mechi zote mbili 49ers walishinda. Na Desemba ya mwaka ule ule wa nyota alidaka mipira 20 katika mechi moja dhidi ya Chicago, rekodi ya ligi kwa wakati huo. Kama hayo ndiyo madhara, kila kocha angeyaomba.

Madhara ya kweli yalianza pesa zilipoingia. Machi 2004 alikuwa amesaini mkataba wa miaka saba wenye thamani inayokaribia dola milioni 49. Baada ya mwaka mmoja akabadilisha wakala, akamchukua Drew Rosenhaus, akataka mkataba mpya. Wengi walimwita mwenye tamaa. Hapa namtetea kidogo: mikataba ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, hasa ya enzi ile, sehemu kubwa ya fedha zake haikuwa na dhamana. Klabu inaweza kumwachisha mchezaji kazi katikati ya mkataba na ikaitwa biashara, lakini mchezaji akiomba nyongeza katikati ya mkataba huo huo anaitwa msaliti. Mtu wa miaka 31 aliyecheza na skrubu mguuni alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini alivyouliza ndivyo alivyoharibu. Kwanza alisema kwamba si yeye aliyechoka kwenye Super Bowl. Kila mtu alijua anamlenga nani. Eagles wakiwa nyuma kwa pointi 10, muda ukiyoyoma, walikuwa wametumia karibu dakika nne kufunga tachidauni yao ya mwisho, na minong'ono ilikuwa kwamba McNabb ameishiwa pumzi. Agosti 2005 Reid akamrudisha nyumbani kwa wiki moja kutoka kambini. Badala ya kujifungia ndani, Owens alifanya mazoezi ya tumbo mbele ya nyumba yake huko Moorestown, New Jersey, kifua wazi, kamera za televisheni zikiwa zimemzunguka na waandishi wakimuuliza maswali. Nchi nzima ilitazama mtu akijikunja na kujikunjua barazani pake.

Novemba akaenda kwenye mahojiano ya televisheni, akailaumu klabu kwa kutoheshimu tachidauni yake ya 100, na alipoulizwa kama timu ingekuwa bora zaidi na Brett Favre, mrushaji wa Green Bay Packers, akakubali. Kabla ya hapo alishapigana ndani ya jengo la timu na Hugh Douglas, mchezaji wa zamani wa klabu. Reid akamfungia mechi nne bila mshahara na kumweka kando msimu wote uliobaki. Chama cha wachezaji kikapeleka malalamiko, msuluhishi Richard Bloch akaipa klabu haki.

Ndiyo maana nilikuomba uliweke akilini lile la mpokeaji na mrushaji. Beki akimtukana mrushaji wa timu yake, ni ugomvi wa chumba cha kubadilishia nguo, utapoa. Mpokeaji akimtukana, amekata tawi alilokalia. Wachezaji wengine 50 wanalazimika kuchagua upande, na upande wenye mpira mkononi ndio unaoshinda siku zote.

Je, matokeo yanasemaje? Wapo wanaotaja 2005 kama kesi iliyofungwa: Eagles walishinda mechi 4 kati ya 7 alizocheza, kisha 2 tu kati ya 9 zilizobaki, wakamaliza 6-10. Mashabiki wa Owens wanasema, unaona, bila yeye hamna kitu. Wapinzani wake wanasema, unaona alivyowavuruga. Takwimu ile ile inatumiwa na wote wawili, na kwa maoni yangu haimsaidii yeyote, kwa sababu McNabb alikuwa akicheza na jeraha la kinena tangu mwanzo wa msimu na Novemba akatoka moja kwa moja. Timu isiyo na mrushaji wake huanguka, awepo Owens asiwepo.

Msimu uliofuata ndio unaoniuma zaidi nikitaka kumtetea. Mwaka 2006 McNabb aliumia tena, na aliyeingia kuokoa jahazi alikuwa Jeff Garcia, yule yule mrushaji ambaye Owens aligombana naye San Francisco. Garcia akaongoza Eagles kushinda mechi tano za mwisho mfululizo. Siku ya Krismasi walikwenda Dallas, Owens akiwa amevaa jezi ya Cowboys, wakashinda 23-7 na baadaye wakamaliza vinara wa kundi lao kwa 10-6.

Huko Dallas mambo yalikuwa yale yale kwa mpangilio mwingine. Kocha Bill Parcells hakupenda hata kumtaja jina, alimwita "yule mchezaji". Hata hivyo "yule mchezaji" alifunga tachidauni 13 mwaka wa kwanza na 15 mwaka wa pili, Cowboys wakamaliza 2007 wakiwa 13-3. Walipotolewa na New York Giants kwa 21-17, Owens alilia mbele ya waandishi akimtetea mrushaji wake Tony Romo asilaumiwe. Wanaosema alikuwa mtu asiye na moyo wa timu hawaipendi video ile. Mwaka uliofuata zikaja taarifa kwamba analalamika Romo anampendelea mwenzao Jason Witten katika kurusha mpira; yeye alikanusha. Msimu ukaisha kwa kipigo cha 44-6 kutoka kwa Eagles, na Machi 2009 akaachwa.

Sasa tazama namba hizi. Cowboys wakiwa naye mwaka 2008 walifunga pointi 362. Bila yeye, 2009, walifunga 361. Mpokeaji Miles Austin, ambaye hakuwa na jina, alivuna yadi 1,320. Dallas wakashinda mechi yao ya kwanza ya mtoano tangu 1996. Ukiishia hapo, Owens alikuwa mzigo. Lakini mwaka 2008 Romo alikosa mechi tatu kwa kuvunjika kidole, na kilichobadilika hasa ni ulinzi: timu iliyoruhusu pointi 365 mwaka 2008 iliruhusu 250 tu mwaka 2009. Mtu hawezi kuniambia kwamba kuondoka kwa mpokeaji ndiko kulikowafundisha mabeki kukaba. Ninachokiona ni kwamba kufikia mwaka wake wa tatu, akiwa na miaka 35, faida ya Owens ilikuwa imeshuka hadi ikalingana na ya mtu wa kawaida mwenye mbio, huku kelele zake zikiwa pale pale.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwaka wa kwanza wa Owens ulikuwa faida tupu, Philadelphia na hata Dallas. Hasara iliingia klabu ilipoendelea kumhesabu kama ni mwaka wa kwanza bado, na yeye alipoanza kudai malipo ya mwaka wa kwanza kupitia kwa mwenzake anayemrushia mpira. Ningekuwa kocha ningemchukua, bila kusita, na ningempa mkataba mfupi wenye fedha nyingi mbele.

Bahati mbaya jaribio hilo lilifanyika na halikunipa ninachotaka. Buffalo Bills walimsajili kwa mwaka mmoja 2009, dola milioni 6.5. Akavuna yadi 829, hakugombana na mtu wa kutajwa, na Bills wakamaliza 6-10. Cincinnati Bengals wakamchukua 2010 kwa mwaka mmoja pia, akiwa na miaka 36, akawapa yadi 983 na tachidauni 9. Bengals, waliokuwa vinara wa kundi lao mwaka uliotangulia, walishinda mechi 4 na kupoteza 12. Utulivu ulipatikana, ila timu zenyewe zilikuwa dhaifu mno kuweza kutuonyesha kama utulivu ule ulikuwa na thamani yoyote.